Kusoma na Kurejesha Nyika ya Pakanga: Mwongozo Kamili kwa Uwanda wa Mto Snake na Mto Columbia

Kaskazini magharibi mwa Marekani, kati ya safu ya milima ya Cascade na ile ya Rocky, kuna uwanda wa juu uliojengwa na lava ambayo sehemu kubwa yake ilimwagika miaka milioni 16 hivi iliyopita. Baadaye ulifunikwa na udongo wa vumbi ulioletwa na upepo, na mwishoni mwa zama za barafu baadhi ya sehemu zake zikakwanguliwa na mafuriko makubwa hadi mwamba ukabaki mtupu. Milima ya Cascade huyazuia mawingu ya Pasifiki, hivyo sehemu kubwa ya uwanda huo hupata milimita 150 hadi 400 tu za mvua na theluji kwa mwaka. Miti huota kandokando ya mito. Kwingineko, kwa sehemu kubwa, ni vichaka vya rangi ya kijivu na nyasi zinazoota shungi moja moja.

Wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa kutoka Kongo na Burundi, wamepata makazi Boise na Twin Falls kusini mwa jimbo la Idaho, na nyika hii wanaipita kila wanapotoka mjini. Mwongozo huu nimewaandikia wao, na mtu mwingine yeyote aliyekabidhiwa ekari chache za nyika hiyo, au aliyejiunga na kikundi cha kupanda upya mahali palipoungua, na anataka kujua aanzie wapi.

Kichaka kikuu cha hapa ni Artemisia tridentata. Nakiita mpakanga, kwa kuwa ni jenasi ileile ya pakanga tunayoijua kwa uchungu wake, iwe ni kwa kuisoma katika Biblia au kwa kunyweshwa majani yake wakati wa homa. Ukisugua jani kati ya vidole, harufu kali inayotoka inatokana na mafuta yaleyale yanayowafanya ng'ombe waliache, ilhali kuku wa porini wa nyika hii, Centrocercus urophasianus, huyala majani hayo na karibu hayo peke yake majira yote ya baridi. Nyasi nazo nitaziita nyasi za mashungi: kila mmea ni fungu linalojitegemea, halitambai, na kati ya fungu na fungu kuna nafasi.

Nafasi hiyo ndiyo somo lenyewe. Mgeni akiiona hudhani ni ardhi tupu inayosubiri kujazwa, na makosa mengi yaliyofanywa hapa kwa zaidi ya miaka 100 yametokana na dhana hiyo. Nafasi kati ya mashungi, ikiwa nzima, imefungwa kwa ganda hai juu na kwa mizizi chini. Ikivunjwa, huingia nyasi ya kigeni inayoleta moto. Hatua zote zinazofuata, tangu kutazama hadi kupanda, ni namna ya kuisoma nafasi hiyo na kuifunga tena.

Kabla ya kuanza: elewa majira

Aliyekulia Dodoma au Laikipia amezoea mvua kuja wakati ardhi ina joto, na nyasi kuchipua siku chache baadaye. Hapa mambo yamegeuzwa. Maji mengi huanguka kuanzia Novemba hadi Machi, wakati mimea imelala kwa baridi, na kiangazi kinapofika na joto lake hakuna mvua ya maana. Kwa hiyo mmea huishi kwa akiba iliyozama ardhini wakati wa baridi, na una wiki chache tu, kuanzia Aprili hadi Juni, za kukua, kuchanua na kuzaa. Mbegu ikipandwa mwezi wa Mei kwa matumaini ya mvua za baadaye, imetupwa.

Tofauti ya pili ni ya wanyama. Nyasi za Serengeti zimezoea kuliwa na kukanyagwa na makundi makubwa ya nyumbu na pundamilia tangu zamani. Nyasi za mashungi za uwanda huu hazikupitia malezi hayo. Richard Mack na John Thompson walieleza mwaka 1982 kwamba nyika hizi zilikua pasipo makundi makubwa ya wanyama wa kwato, na ndiyo sababu ng'ombe na kondoo walioletwa katika karne ya 19 waliziharibu haraka sana. Ujuzi wetu wa malisho, ambao ni mkubwa, unahitaji kurekebishwa hapa kabla ya kutumika.

Vifaa si vingi: tepu ya kupimia ya mita 30, fremu ya waya yenye sentimita 20 kwa 50 kwa ndani, daftari, lenzi ndogo ya mkononi ya kukuzia, chupa ya maji, kamera, na mifuko ya karatasi kwa ajili ya sampuli. Eneo kubwa la nyika hii ni mali ya umma, na kukusanya mbegu au kupanda chochote humo kunahitaji kibali cha ofisi inayosimamia ardhi hiyo. Usichimbe kwa udadisi mizizi ya mimea ya maua iitwayo Lomatium wala ya Lewisia rediviva. Ni vyakula vya jadi vya mataifa ya wenyeji asilia wa Marekani: Yakama, Umatilla, Nez Perce na jirani zao, ambao bado huvichimba kwa taratibu zao wenyewe.

Hatua ya 1: Soma mahali kabla ya mimea

Nenda mwishoni mwa Mei, wakati nyasi nyingi zina masuke. Kwanza angalia mteremko unaelekea wapi. Mteremko unaotazama kusini hupigwa na jua moja kwa moja, hukauka mapema, na ndio unaovamiwa kwanza. Unaotazama kaskazini hutunza theluji na unyevu, na mara nyingi hujiponya wenyewe. Kisha angalia mwinuko: kadiri unavyopanda ndivyo baridi na unyevu vinavyoongezeka, na ndivyo nyika inavyokuwa na nguvu ya kurudi baada ya moto. Mwisho, chimba shimo la sentimita 50. Ukigonga mwamba kwenye sentimita 15, usitarajie vichaka virefu hapo hata ufanyeje. Ukikuta udongo laini wenye kina, mmea mkubwa ungepaswa kuwepo, na kama haupo, kuna kilichotokea.

Hatua ya 2: Tambua ni mpakanga upi

Jina la tridentata linatokana na jani lenye meno matatu kwenye ncha. Meno hayo utayakuta kwenye aina zote ndogo za mmea huu, kwa hiyo hayatoshi kukuambia uko wapi. Aina ndogo tatu ndizo za kujua, kwa sababu kila moja ni ushahidi wa udongo na mvua ya mahali pake.

Ya mabonde, iitwayo tridentata, hupenda udongo wenye kina, hufanya shina nene kama mti mdogo, na huweza kumzidi mtu kimo. Palipoota hiyo ndipo walowezi walipochagua kulima, hivyo mashamba mengi ya leo yako juu ya makazi yake. Ya nchi kavu, wyomingensis, ni fupi, mara nyingi haifiki mita moja, kichwa chake hakina mpangilio, na huota penye milimita 200 hadi 300 za mvua. Ya milimani, vaseyana, ina kichwa kilicholingana kama kilichokatwa kwa mkasi, na mashina ya maua yanachomoza juu ya majani yote kwa pamoja.

Ukibaki na shaka, chukua majani machache, yaponde, uyaloweke katika glasi ya maji, kisha yamulike gizani kwa taa ya urujuanimno, ile inayotumika kukagulia noti. Maji ya mpakanga wa milimani hung'aa buluu hafifu ya kupendeza. Ya yule wa nchi kavu hubaki karibu na giza. Nimewaonyesha watoto jambo hili mezani jikoni, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuniambia kwamba vichaka vyote ni kimoja.

Zaidi ya utambulisho, mpakanga una kazi ambayo haionekani. Usiku mizizi yake mirefu huvuta maji kutoka chini na kuyaachia katika udongo wa juu uliokauka, jambo lililoonyeshwa na J. H. Richards na M. M. Caldwell mwaka 1987. Kivuli chake hushikilia theluji, na majani yanayoanguka hurutubisha udongo chini yake. Kwa hiyo mche wa nyasi ulioota kwenye ukingo wa kichaka una nafasi nzuri ya kuishi kuliko ulio wazini. Wale waliokuwa wakiung'oa mpakanga kwa minyororo na matrekta ili kuongeza malisho walikuwa wakiondoa pampu na kivuli kwa wakati mmoja.

Hatua ya 3: Tambua nyasi, hata zisipokuwa na suke

Nyasi kuu ni Pseudoroegneria spicata. Shungi lake ni kubwa, majani yana rangi ya buluu iliyopauka, na masuke yana punje zilizopangwa zikipishana kushoto na kulia, nyingi zikiwa na kijishale kilichopinda kuelekea nje. Mwenzake, Festuca idahoensis, hukaa penye baridi na unyevu zaidi. Jani lake limejikunja lenyewe likawa jembamba kama waya, na ukilizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada linabiringika kama uzi. Poa secunda ni fupi sana, huwa ya kwanza kuwa kijani na ya kwanza kukauka. Tazama ncha ya jani lake kwa karibu: kingo zake zimekutana mbele kama omo ya mtumbwi, na ukiibonyeza hupasuka katikati.

Penye mchanga utaona Hesperostipa comata, ambayo mbegu yake ina mkia mrefu uliosokotwa. Unyevu ukija mkia hujikunjua, ukikauka hujisokota, na hivyo mbegu inajichimbia ardhini yenyewe. Kwenye mabonde yenye udongo mwingi husimama Leymus cinereus, refu kuliko mtu. Elymus elymoides, yenye suke la manyoya kama mkia wa kindi, ni ya kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ni miongoni mwa nyasi chache za asili zinazomudu kuanza maisha katikati ya adui.

Adui mwenyewe ni Bromus tectorum, nyasi ya mwaka mmoja iliyotoka Ulaya na Asia na kuenea hapa mwishoni mwa karne ya 19. Kwa Kiingereza jina lake lina maana ya udanganyifu, nami nitaiita nyasi laghai. Majani yake yana manyoya laini, suke lake huinama upande mmoja kama lililochoka, na rangi yake hutoka kijani kwenda zambarau hadi hudhurungi katika wiki chache. Ishike karibu na udongo uivute: inatoka yote mkononi na vijizizi vyake vyembamba. Shungi la Pseudoroegneria ukilivuta hivyo litakukata vidole. Ukirudi nyumbani na soksi zimejaa vishale, hizo ni mbegu zake, na zinapaswa kutolewa moja moja na kutupwa ndani ya mfuko uliofungwa, kwa sababu njia, nguo na matairi ndivyo vinavyozipeleka zisikokuwa.

Ulaghai wake uko katika kalenda. Huota vuli, mizizi yake hukua wakati wa baridi nyasi za asili zikiwa zimelala, hunywa akiba ya maji mwanzoni mwa masika, huzaa, na kufikia Juni imekuwa kuni kavu, majuma mengi kabla nyasi za mashungi hazijakauka. Tena inajaza nafasi zote, hivyo moto ambao zamani ungezimika kwenye ardhi wazi kati ya mashungi sasa unapata njia isiyokatika. Mpakanga mkubwa ukiungua hufa, hauchipui kutoka kwenye kisiki. Nyika iliyokuwa ikiungua mara moja baada ya miongo mingi imefikia, katika baadhi ya sehemu za uwanda wa Snake, kuungua kila baada ya miaka michache. Moto ulioitwa Soda, wa Agosti 2015, ulipita kwenye zaidi ya hekta 110,000 mpakani mwa Idaho na Oregon.

Taeniatherum caput-medusae ni adui wa pili, mwenye suke la vishale vilivyosambaa kama nywele zilizosimama. Nyasi yake iliyokufa haiozi upesi, hufanya tandiko linalozuia mbegu nyingine. Ukiiona, andika mahali hapo na utoe taarifa, kwani kipande kidogo hudhibitiwa kwa urahisi kuliko eneo kubwa.

Hatua ya 4: Pima nafasi

Hapa ndipo watu huwa na haraka, na hapa ndipo ningependa usiwe nayo.

Piga magoti. Kati ya mashungi mawili, kama ardhi ni nzima, utaona uso wenye vijivilima vidogo, mweusi au wa kahawia, wenye madoadoa meupe na ya manjano. Huo ni mkusanyiko wa mosi, likeni na bakteria wanaotumia mwanga wa jua, walioshikana na chembe za udongo na kufanya ganda. Ukiwa wakati wa ukavu, mosi huonekana kama majivu. Mimina matone machache kutoka kwenye chupa yako na usubiri: katika muda usiozidi dakika moja au mbili majani yale madogo yatajikunjua na kugeuka kijani mbele ya macho yako. Kisha chukua kibonge cha ganda hilo na kingine kutoka mahali palipokanyagwa, uvitie vyote viwili kwenye kifuniko cha chupa chenye maji. Kimoja hubaki kimeshikana. Kingine humumunyika kikawa tope. Baada ya hapo utajua kwa nini hupaswi kutembeza gari wala kundi la watu juu ya ganda hilo, na kwa nini njia ya kuingilia na kutokea iwe moja.

Sasa tandaza tepu ya mita 30 kwenye mstari ulionyooka, na uweke alama za kudumu kwenye ncha zake. Kwa vichaka, andika kila kipande cha tepu kilichofunikwa na matawi. Vipande vikijumlishwa vikawa mita 4.5, vichaka vimefunika asilimia 15. Kwa nyasi na mimea midogo, tumia fremu, njia iliyobuniwa na Rexford Daubenmire, mtaalamu aliyechunguza nyika ya jimbo la Washington kwa miaka mingi. Weka fremu mara 40 kandokando ya mstari kwa umbali sawa, na kwa kila aina ya mmea kadiria daraja: chini ya asilimia 5, 5 hadi 25, 25 hadi 50, 50 hadi 75, 75 hadi 95, na zaidi ya 95. Wakati wa hesabu kila daraja huchukua thamani yake ya katikati, yaani 2.5, 15, 37.5, 62.5, 85 na 97.5.

Tuseme Pseudoroegneria haikuonekana katika fremu 10, ilikuwa daraja la kwanza katika fremu 14, la pili katika 12 na la tatu katika 4. Hesabu ni 14 × 2.5, jumlisha 12 × 15, jumlisha 4 × 37.5, jawabu 365. Gawa kwa 40, unapata asilimia 9 hivi. Ni makadirio, lakini madaraja ni mapana kiasi kwamba watu wawili makini hawatofautiani sana, na hiyo ndiyo faida yake.

Mwisho rudi kwenye tepu upime nafasi zenyewe, kutoka shungi la kudumu hadi linalofuata. Zigawe katika makundi: sentimita 25 hadi 50, 51 hadi 100, 101 hadi 200, na zaidi ya 200. Nafasi fupi zilizotenganishwa na mashungi ni hali ya afya. Nafasi ndefu zinazoungana ni mlango wazi, hasa kama ganda limevunjika. Kati ya namba zote utakazoandika siku hiyo, hizi ndizo nazoziangalia kwanza.

Hatua ya 5: Amua kama panahitaji kupandwa

Si kila palipoungua panahitaji mbegu. Mashungi ya asili huungua juu na kuchipua tena kutoka kwenye vitako vyake. Kwa kawaida, kama nyasi na maua ya kudumu vilifunika asilimia 20 au zaidi ya ardhi, na mahali si pa joto sana, ni bora kupaacha pajiponye, kuzuia mifugo na kuondoa nyasi laghai inayochungulia. Mashine ya kupandia ikipita hapo itavunja ganda na kuua mashungi yaliyo hai, na utakuwa umefungua nafasi ulizokuja kuzifunga.

Panda penye mashungi machache mno yaliyobaki, hasa kwenye miteremko ya kusini na sehemu za chini. Na kama nyasi za kudumu zipo ila mpakanga haupo, panda mpakanga peke yake, kwa sababu mbegu zake nyingi huanguka mita chache tu kutoka kwa mama, na eneo kubwa lililoungua linaweza kusubiri miongo mingi kabla haujarudi.

Hatua ya 6: Punguza nyasi laghai kwanza

Kwa eneo dogo, mikono inatosha. Ing'oe wakati suke likiwa kijani au linapoanza kuwa zambarau, kabla halijakauka, na uitoe nje ya eneo. Kuikata kwa mashine mapema hakusaidii; hutoa masuke mafupi zaidi na kuzaa vilevile. Rudia kwa miaka mitatu hadi mitano, maana mbegu nyingi huishi udongoni kwa miaka miwili au mitatu na chache huzidi hapo.

Kwa eneo kubwa hutumiwa dawa zinazozuia mbegu kuota, na zinazojulikana zaidi ni imazapiki na indaziflamu, hupuliziwa kabla ya mvua za vuli. Mashungi makubwa yenye mizizi mirefu huzivumilia. Lakini indaziflamu hubaki kwenye udongo kwa miaka kadhaa na haibagui mbegu: ukiipuliza leo, usipande mbegu mwakani. Fuata maelekezo ya lebo neno kwa neno, na kazi hiyo ifanywe na mwenye leseni.

Hatua ya 7: Panda kwa kalenda ya nyika

Tafuta mbegu zilizokusanywa karibu na mahali pako na katika hali ya hewa inayofanana. Mpakanga wa milimani uliopandwa nchi kavu huweza kuota vizuri ukafa mwaka wa pili wa ukame. Uliza muuzaji cheti cha kipimo, kwa sababu mbegu ya mpakanga huuzwa imechanganyika na vipande vya majani na maua, na mbegu halisi zinaweza kuwa asilimia 15 tu ya uzito. Kama usafi ni asilimia 15 na zilizo hai kati yake ni asilimia 80, mbegu hai safi ni asilimia 12 ya mfuko. Ukihitaji gramu 200 za mbegu hai kwa hekta, unapaswa kununua kilo 1.7 hivi. Tena isiwe ya miaka mingi, kwani mbegu hiyo hupoteza uhai ndani ya mwaka mmoja au miwili isipokaushwa na kuhifadhiwa kwenye baridi.

Mbegu za nyasi hupandwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba, baridi ikiwa imeshika kiasi kwamba hazitaota hadi masika. Mashine inayochora mifereji izifukie kwa milimita 6 hadi 12. Ukizitupa kwa mkono, ongeza kiasi mara mbili, kisha uzifunike kidogo kwa reki. Changanya nyasi na maua kama Achillea millefolium, na usiweke aina moja tu, kwa kuwa mizizi ya kina tofauti ndiyo inayofunga nafasi chini.

Mpakanga ni habari nyingine. Mbegu yake ni ndogo kuliko ya mchicha, na inahitaji mwanga. Mwaka wangu wa kwanza nilizitupa mbegu kwa uangalifu kisha nikapitisha reki juu ya kila sehemu, kama tunavyofunika mbegu za bustani. Masika ilipofika hapakuwa na kitu, ila katika mstari mmoja wa nyayo za viatu vyangu, mahali nilipokuwa nimepita mara ya mwisho na mbegu chache zilizobaki mfukoni. Ndani ya kila unyayo palikuwa na vimche viwili vitatu vyenye majani madogo ya fedha. Nimekuwa nikifanya hivyo tangu wakati huo: mbegu juu ya udongo, kati ya Novemba na Januari, ikiwezekana muda mfupi kabla ya theluji, kisha kuikandamiza kwa miguu au kwa rola, bila kuifukia.

Kama kuna pesa, miche ya vikontena huongeza uhakika. Ipande Oktoba udongo ukiwa na unyevu, au Machi mara barafu inapoyeyuka. Ondoa nyasi laghai kwa nusu mita kuzunguka shimo, funika kichwa cha bonge la mizizi kwa sentimita moja ya udongo ili lisikaushwe na upepo, kandamiza vizuri, na umwagilie mara moja. Usisambaze miche sawasawa katika eneo zima. Ipande katika visiwa vya miche 30 au 50, kila kisiwa kiwe chanzo cha mbegu baadaye.

Hatua ya 8: Linda na rudi kupima

Mifugo isiingie kwa angalau misimu miwili mizima ya kukua baada ya moto au kupanda, na zaidi kama miche bado inang'oka kwa mkono. Baada ya hapo, wakati wa hatari ni ule nyasi inapobeba mimba, suke likiwa bado ndani ya jani, kwa kawaida kuanzia Mei. Shungi la Pseudoroegneria likiliwa hadi chini wakati huo huweza kuchukua miaka kadhaa kurudisha nguvu, hata kama mvua ni nzuri. Malisho ya vuli na baridi huliumiza kidogo sana. Kwa wafugaji wetu hili ni gumu kulikubali, maana Mei ndipo nyasi inapovutia zaidi.

Kuanzia Juni usiegeshe gari juu ya nyasi kavu, kwa sababu bomba la moshi lenye joto linatosha kuwasha. Safisha kandokando ya barabara, hasa upande upepo unakotoka, kwani moto mwingi huanzia hapo.

Kila mwaka, wiki ileile ya Mei, rudi kwenye alama za tepu. Piga picha kutoka mahali palepale, weka fremu 40, pima nafasi. Mwaka wa kwanza nyasi laghai inaweza kuzidi, na mashungi mapya yatakuwa na majani matatu au manne tu; hiyo si dalili ya kushindwa. Mwaka wa tatu hesabu mashungi yasiyong'oka yakivutwa. Mwaka wa tano tazama kama nafasi zilizozidi sentimita 200 zimepungua, kisha upige magoti na kumimina matone ya maji kwenye udongo ulio kati ya mashungi, uone kama kuna kinachogeuka kijani.